Pia Yenye Maji Ndani

Hapana mtoto aliyelelewa katika vijiji vya Kakamega asiyeijua pia. Huchongwa kwa kipande cha mti wa mpera, ikatiwa ncha upande mmoja, ikachapwa kwa kamba ya katani. Nayo huzunguka uwanjani hata macho ya mtazamaji yakadhani imesimama tuli. Lakini wewe msomaji uliyeicheza wajua kwamba haisimami tuli. Kasi yake ikianza kupungua, pia huinama kidogo, na badala ya kuanguka mara moja, kichwa chake huanza kutembea polepole kikichora duara hewani. Hapo pia ina mizunguko miwili kwa wakati mmoja: yenyewe yazunguka upesi juu ya ncha yake, na mhimili wake nao wazunguka taratibu. Mzunguko huu wa pili, ule wa mhimili, ndio nitakaouita kuyumba katika insha hii.

Sasa nataka kukuuliza swali ambalo mtoto wa uwanjani hana sababu ya kujiuliza. Je, kama pia isingekuwa mti mtupu, bali ganda jembamba lililojazwa maji, ingezunguka na kuyumba vile vile? Swali hili laonekana dogo. Lakini wataalamu wakubwa wa Ulaya na Marekani wamelishughulikia tangu karne ya 19, na baadhi ya majibu waliyoyatoa walilazimika kuyafuta. Tena halihusu mchezo wa watoto peke yake. Lahusu dunia hii tunayoikanyaga, kwa maana dunia nayo ni pia, na ndani yake mna kiowevu.

Kabla hatujaenda mbali, nenda jikoni utwae mayai mawili, moja bichi na moja lililochemshwa hata likagandamana. Yazungushe juu ya meza. Lililochemshwa litazunguka vizuri kama pia. Lile bichi litasitasita na kupepesuka. Kisha lizungushe tena lile bichi, uliguse kwa kidole mpaka lisimame, ukaondoe kidole upesi. Utaliona likianza kuzunguka tena lenyewe, kana kwamba lina roho. Sababu yake si uchawi. Kidole chako kilisimamisha ganda tu. Ute ulio ndani haukupata habari, bali uliendelea na mwendo wake, na ulipoachiliwa ukalivuta ganda nalo lizunguke. Basi hapo umejifunza jambo la kwanza: ganda na kiowevu kilichomo ndani yake ni vitu viwili, na kila kimoja chaweza kwenda mwendo wake.

Na dunia je? Kwamba dunia huzunguka mara moja kwa siku, kila mwanafunzi ajua. Kwamba mhimili wake huyumba, Wayunani waliitambua dalili yake zamani. Yapata mwaka 130 kabla ya kuzaliwa Kristo, mnajimu Hipparchus alilinganisha mahali pa nyota alipopaona yeye na mahali palipoandikwa na waliomtangulia, akaona kwamba mbingu nzima ilikuwa imesogea kidogo. Leo twajua kwamba mhimili wa dunia, ulioinama kwa digrii 23 na nusu hivi, huchora duara lake zima katika muda wa miaka 26,000 hivi. Sisi tulio Kakamega, karibu sana na ikweta, Nyota ya Kaskazini kwetu imelala pembezoni kabisa mwa mbingu, ikifichwa na miti na vilima. Lakini mabaharia wa kaskazini waliitegemea kuongoza vyombo vyao. Nao hawakuwa na nyota hiyo sikuzote. Wamisri walipokuwa wakijenga piramidi zao, nyota iliyokaa karibu na ncha ya mbingu ilikuwa nyingine, jina lake Thuban. Nyota hazikuhama, ni pia yetu iliyoyumba.

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza sababu. Dunia si mviringo kamili, bali imebonyea kidogo kwenye ncha zake na kuvimba kwenye ikweta, mfano wa chungwa. Jua na mwezi huuvuta uvimbe huo, wakitaka kuusimamisha mhimili; na kwa kuwa dunia yazunguka, haisimami wala haianguki, bali huyumba.

Hapo ndipo swali letu linapoanza kuwa na uzito. William Hopkins alikuwa mwalimu wa hesabu huko Cambridge, Uingereza, ambaye wanafunzi wake wengi walikuja kuwa watu mashuhuri. Mwaka 1839 alianza kutoa hoja hii: Ikiwa dunia ni kama yai bichi, yaani ganda jembamba lenye kiowevu ndani, basi haiwezi kuyumba sawa na yai lililochemshwa. Kuyumba kwa dunia kumepimwa na wanajimu. Kwa hiyo, tukipiga hesabu, tutajua unene wa ganda bila ya kuchimba hata shimo moja. Akazipiga hesabu zake, akahukumu kwamba ganda la dunia lazima liwe nene sana, maili 800 au 1,000. Ilikuwa fikira nzuri mno: mtu akae chumbani mwake na kalamu, aitazame mbingu, aambiwe na nyota habari za chini ya ardhi.

Mmoja wa wanafunzi wa Hopkins alikuwa William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo akaitwa Lord Kelvin. Mwanafunzi aliipokea hoja ya mwalimu wake akaitetea kwa miaka mingi. Lakini mwaka 1876 alisafiri kwenda Marekani, na huko alizungumza na mnajimu Simon Newcomb, ambaye alimweleza mashaka yake juu ya hoja ile. Thomson alilifikiri jambo hilo upya. Aliporudi, alisimama mbele ya mkutano wa wataalamu mjini Glasgow mwaka ule ule, akatangaza kwamba hoja ya kuyumba haifai, naye anaiacha. Hesabu ilikuwa imemwonyesha jambo hili: ikiwa ganda lina umbo la chungwa, na likiyumba polepole sana, basi umbo lile lenyewe hukisukuma kiowevu cha ndani kifuate, hata kikaenda pamoja na ganda kana kwamba ni kitu kigumu. Yai bichi huweza kujifanya lililochemshwa. Kwa hiyo nyota hazikuweza kumwambia Hopkins aliyotaka kuambiwa.

Nakuomba msomaji usiipite habari hii upesi. Thomson wakati ule alikuwa mmoja wa watu wenye elimu na sifa kubwa kabisa katika Uingereza, na hoja aliyoifuta ilitoka kwa mwalimu wake, naye mwenyewe alikuwa ameiandika na kuitia sahihi. Hakuna aliyemlazimisha kuifuta hadharani. Aliifuta kwa sababu aliona si kweli. Wala hakuiacha imani yake yote. Aliendelea kuamini kwamba dunia ni ngumu, kwa kutegemea sababu nyingine, za kupwa na kujaa kwa maji. Alichofanya ni kutenganisha sababu iliyosimama na ile iliyoanguka.

Tena hakuridhika na hesabu peke yake. Mwaka 1877 alieleza habari za majaribio yake ya maganda ya shaba yaliyojazwa maji. Ganda lenye umbo la chungwa, lililobonyea nchani, lilizunguka na kusimama imara, kama pia ya mti. Ganda lililorefuka kidogo kama yai, ijapokuwa lilizungushwa kwa kasi, lilikataa kabisa kusimama. Maji yalikuwa yale yale, shaba ile ile. Umbo tu lilitofautiana kidogo, na moja likaishi, jingine likaanguka. Ndani ya maji yale palikuwa na kitu kilichoangusha ganda. Kitu gani?

Mwaka 1880 Thomson mwenyewe alifungua njia ya kulijibu swali hilo. Alionyesha kwa hesabu kwamba maji yazungukayo hayako kimya, hata yakionekana kimya. Kila sehemu ya maji hayo, ikisukumwa itoke mahali pake, mzunguko huirudisha. Nayo hupita kiasi, ikarudishwa tena, na kadhalika. Hayo ndiyo mawimbi, lakini si mawimbi ya juu kama ya ziwani. Ni mawimbi ya ndani, yapitayo katikati ya maji bila kuonekana kwa juu. Na yana sheria moja iliyo rahisi kukumbuka: mapigo yao hayawezi kuwa ya haraka kupita mara mbili ya mzunguko wa chombo. Chombo kikizunguka mara moja kwa nukta, mawimbi hayo hupiga mara mbili kwa nukta, au moja, au nusu, au pungufu zaidi, lakini si mara tatu.

Ili uelewe hatari ya mawimbi hayo, mkumbuke mama au dada yako atokaye kisimani na ndoo kichwani. Maji ya ndoo yana pigo lake, kwenda na kurudi. Hatua zake nazo zina pigo lake. Mapigo hayo mawili yakitofautiana, maji hutikisika kidogo tu. Yakipatana, kila hatua huongeza juu ya ile iliyotangulia, na baada ya hatua chache maji yamemwagika mabegani. Msukumo haukuongezeka, wakati wake tu ndio uliopatana. Akina mama walijua dawa yake kabla ya vitabu vya fizikia: hubadili mwendo wao, au huweka majani machache juu ya maji ili kulivunja wimbi. Katika insha hii nitakuita huko kupatana kwa mapigo.

Basi fikiri sasa juu ya chombo kilichojaa maji, kinachozunguka na kuyumba. Kwa mtu aliye nje, mhimili unatembea polepole. Lakini lau ungekuwa mdudu mdogo aliyekwama ukutani mwa chombo, ukizunguka pamoja nacho, ungeuona ule msukumo wa kuyumba ukikujia mara moja kwa kila mzunguko. Mara moja kwa mzunguko! Na tumekwisha sema kwamba mawimbi ya ndani yaweza kuwa na pigo lolote chini ya mawili kwa mzunguko. Kwa hiyo kuyumba daima huangukia ndani ya mipaka ya mawimbi hayo. Kilichobaki ni umbo la chombo tu: likiwa na kipimo fulani, wimbi moja lapatana na msukumo, nalo hukua kama maji ya ndooni.

Hili si jambo la nadharia tu. Katika karne ya 20 majeshi yalitengeneza makombora yaliyojazwa kiowevu, na kombora huzungushwa ili liende sawasawa. Mwaka 1959 Mwingereza Keith Stewartson alionyesha kwamba pia yenye kiowevu huanza kupepesuka na kuanguka pale ambapo pigo la wimbi mojawapo la ndani linapokaribia pigo la kutikisika kwa pia yenyewe. Watengenezao setilaiti nao, kwa kuwa nyingi hubeba mafuta ya kiowevu huku zikizunguka, hawana budi kuiweka hesabu ya namna hiyo mbele yao.

Sasa turudi kwenye dunia. Swali ambalo Hopkins alishindwa kulijibu kwa nyota lilijibiwa kwa matetemeko ya ardhi. Mwaka 1906 Richard Oldham aliona, kwa jinsi mitetemo ipitavyo chini, kwamba dunia ina kiini. Mwaka 1926 Harold Jeffreys alithibitisha kwamba kiini hicho ni kiowevu. Mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, aligundua kwamba katikati yake mna kiini kingine cha ndani, ambacho leo twajua kuwa ni kigumu. Basi hii ndiyo picha tuliyo nayo: yapata kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, mwamba wakoma na chuma kilichoyeyuka chaanza, na ndani kabisa mna tufe gumu la chuma. Dunia, msomaji, ni yai bichi lenye kokwa.

Na hapo fumbo jipya lilijitokeza. Dira huelekea kaskazini kwa sababu dunia ina nguvu ya sumaku. Lakini sumaku ya chuma, ukiipasha moto kupita digrii 770 hivi, hupoteza nguvu zake, na kiini cha dunia kina moto wa digrii elfu kadhaa. Kwa hiyo ndani ya dunia hamwezi kuwa na sumaku kama ile iliyo katika maabara ya shule. Mwaka 1919 Joseph Larmor alitoa fikira kwamba huenda jua na dunia ni kama dinamo. Unaijua dinamo ya baiskeli: kitu kikizunguka penye nguvu ya sumaku, umeme huzaliwa; na umeme nao huzaa sumaku. Chuma kilichoyeyuka hupitisha umeme. Kikivurugwa vya kutosha, chaweza kuilea sumaku yake chenyewe.

Ushahidi mmoja wa neno hili ulipatikana hapa kwetu Afrika Mashariki. Bonde la Olduvai, Tanzania, lafahamika kwa mifupa ya kale. Mwaka 1959 Mary Leakey aliona hapo fuvu lililo maarufu, na mwaka 1961 umri wa tabaka lile ulitangazwa kuwa miaka 1,750,000 hivi. Chini ya tabaka hilo mna mwamba mweusi uliomwagika zamani kama uji wa moto kutoka volkano. Mwamba wa namna hii unapopoa, chembe za chuma zilizomo huelekea upande ule unaoelekezwa na sumaku ya dunia siku ile, kisha hufungwa humo, kama dira iliyogandishwa. Mwaka 1963 Sherman Grommé na Richard Hay walichapisha vipimo vya mwamba huo wa Olduvai. Dira yake iliyoganda yaelekea kaskazini, kama dira zetu za leo. Huenda ukasema, kuna ajabu gani? Ajabu ni kwamba mwamba huo ni wa zama ambazo kwa jumla sumaku ya dunia ilielekea kusini. Bernard Brunhes wa Ufaransa mwaka 1906, na Motonori Matuyama wa Japani mwaka 1929, walikuwa wamekwisha onyesha miamba iliyogeuzwa namna hiyo. Olduvai ilionyesha kwamba katikati ya zama ndefu za kugeuka palikuwa na kipindi ambacho sumaku ilirudi kama ilivyo sasa, kisha ikageuka tena. Kipindi hicho, cha tangu miaka 1,950,000 hivi iliyopita mpaka miaka 1,780,000 hivi, huitwa Olduvai katika vitabu vya elimu ya miamba duniani kote, hata mtu achimbapo chini ya bahari ya Atlantiki hulitaja jina hilo la bonde letu.

Sumaku iliyogandamana haigeuki na kurudi. Kinachoweza kugeuka na kurudi ni kitu chenye mwendo, kitu kinachovurugwa. Na hapo ndipo mwanafunzi mmoja aliponishika darasani. Aliniuliza: “Mwalimu, dinamo ya baiskeli huzungushwa na gurudumu. Hiyo ya dunia yazungushwa na nini?” Nikamjibu kwa neno moja, “Joto,” nikafuta ubao, kwa maana kengele ilikuwa imekaribia. Jibu langu halikuwa la uongo. Wataalamu walio wengi husema kwamba kiini chapoa polepole, na kile kiini kigumu cha ndani chaendelea kukua, na mambo hayo hukifanya chuma kipande na kushuka kama uji jikoni. Lakini kwa neno lile moja nilifunga mlango ambao haukuwa umefungwa, na tangu siku ile nimekuwa na deni kwa kijana yule. Insha hii ni malipo yake.

Kwa maana yuko mshukiwa wa pili, naye ni kuyumba. Mwaka 1910 Mfaransa Henri Poincaré alipata jibu safi la hesabu: kiowevu kilicho ndani ya ganda linaloyumba huzunguka chote pamoja, ila mhimili wake hutofautiana kidogo na mhimili wa ganda. Ni mwendo mtulivu, usio na ghasia. Na mwendo mtulivu namna hiyo hauwezi kuilea dinamo. Mwaka 1968 Mmarekani Willem Malkus aliyatia maji ndani ya chombo chenye umbo la chungwa, akakizungusha na kukiyumbisha. Kuyumba kulipokuwa kudogo, maji yalitulia kama Poincaré alivyosema. Alipokuongeza, ghafula utulivu ukavunjika, maji yakachafuka yote. Malkus akatoa hoja kwamba huenda kuyumba ndiko kunakoivuruga dinamo ya dunia. Mwaka 1970 A. D. McEwan alieleza jambo la kustaajabisha zaidi katika pipa la maji lizungukalo: wimbi lililopatana na msukumo hukua likiwa zuri na la taratibu, kisha kwa ghafula huporomoka na kuwa vurugu tupu. Aliyeliangalia pipa dakika chache kabla hangedhani kwamba utaratibu ule ulibeba maangamizi yake mwenyewe.

Lakini mwaka 1975 David Loper kwa upande mmoja, na Michael Rochester na wenzake kwa upande mwingine, walipiga hesabu wakakata shauri: kuyumba kwa dunia ni kwa polepole mno. Dunia huzunguka mara milioni tisa na nusu hivi kabla mhimili haujamaliza duara moja. Nguvu inayoingia katika kiini kwa njia hiyo, walisema, haitoshi hata kidogo kuilisha dinamo. Kwa miaka karibu ishirini wengi walilihesabu jambo hilo kuwa limekwisha.

Je, lilikuwa limekwisha? Hesabu za mwaka 1975 zilichukulia kwamba mwendo wa kiowevu ni mtulivu. Mwaka 1993 Mwingereza Richard Kerswell alionyesha kwamba ule mwendo mtulivu wa Poincaré wenyewe si imara. Ndani yake mawimbi mawili yaweza kukutana ambayo tofauti ya mapigo yao yalingana na pigo la kuyumba. Na yakikutana, kila moja hulilisha jingine kwa kuazima nguvu za mzunguko mkuu, yakakua yote mawili. Ni kama watoto wawili juu ya bembea moja, kila mmoja akimsukuma mwenziwe kwa wakati wake. Mwaka 1996 akaonyesha tena kwamba, ikiwa mwendo umechafuka, mpaka wa nguvu ziwezazo kupotea humo ni mkubwa kuliko uliokadiriwa, na kwa hiyo hukumu ya mwaka 1975 haikufunga mlango. Hakusema kwamba kuyumba ndiko kunakoendesha dinamo. Alisema tu kwamba hatujathibitisha kuwa hakuwezi. Mwaka 2005 Mjerumani Andreas Tilgner alifanya hesabu hizo kwa kompyuta, akapata tufe la kiowevu ambamo kuyumba peke yake kulizaa sumaku. Na mwaka 2011 wataalamu wengine walitoa hoja kwamba mwezi, ambao miamba yake iliyoletwa na wasafiri wa Apollo ina alama za sumaku ya kale, huenda ulikuwa na dinamo iliyovurugwa kwa njia hii hii.

Tofauti kubwa kati ya kompyuta na dunia ni ukubwa. Kompyuta haiwezi kuiga kiini kizima na mawimbi yake madogo madogo yote. Kwa sababu hiyo, huko Dresden, Ujerumani, katika taasisi iitwayo Helmholtz-Zentrum Dresden-Rossendorf, wamebuni mtambo wa kulijaribu jambo hili kwa metali yenyewe. Ni pipa lenye upana wa mita 2 na urefu wa mita 2, la kujazwa tani 8 za sodiamu iliyoyeyuka. Limekusudiwa kuzunguka hata mara 10 kwa nukta, na kuyumba hata mara moja kwa nukta. Kumbuka kwamba pipa ambalo urefu wake wakaribia kulingana na upana wake ndilo ambalo wimbi lake la kwanza lapatana na msukumo wa kuyumba. Sodiamu ilichaguliwa kwa sababu hupitisha umeme vizuri na huyeyuka kwa joto la digrii 98 tu. Lakini ikigusa maji huwaka. Pipa zito namna hiyo, likizunguka kwa kasi na kugeuzwa mhimili wake, hupigana na msingi wake kama ng'ombe dume aliyefungwa kamba. Ndiyo maana walilazimika kuujengea msingi wa pekee, uliotengwa na jengo.

Basi msomaji, toka Hopkins mpaka Dresden ni muda upatao karne mbili. Katika muda huo swali hili limehukumiwa mara mbili kuwa limekwisha, na mara mbili likafunguliwa tena: mara ya kwanza kwa sababu mtu mmoja aliukubali ukweli uliompinga, na mara ya pili kwa sababu mwingine aliuliza hesabu ya wakubwa ilichukulia neno gani bila kulithibitisha. Katika mtihani utaulizwa, “Sumaku ya dunia hutoka wapi?” na utajibu kwamba hutoka katika mwendo wa chuma kilichoyeyuka kiinini. Jibu hilo ni sahihi, nawe utapata alama zako. Lakini ukiulizwa ni kipi kinachokivuruga chuma hicho, usijibu kwa neno moja kama nilivyofanya mimi. Sema: kupoa kwa kiini ndiyo sababu ambayo wengi wanaikubali, kuyumba kwaweza kuwa na sehemu yake, na kipimo cha sehemu hiyo bado kinatafutwa.

Na jioni ya leo, ukimwona mtu akipanda mlima na ndoo yake ya maji kichwani, tazama mwendo wake. Utamwona akifika mahali akakatiza hatua, akatembea kwa namna nyingine kidogo, maji yakatulia. Hakufundishwa na Kelvin wala na Poincaré. Lakini ajua wanalolijua: kwamba si ukubwa wa msukumo unaoimwaga ndoo, bali wakati wake.